Mpelelezi wa Kike katika Riwaya ya Kiswahili

Tangu Muhammed Said Abdulla amlete Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), wapelelezi mashuhuri wa riwaya ya Kiswahili wamekuwa wanaume: Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Huko Norwe, Anne Holt alimwanzisha Hanne Wilhelmsen, askari mpelelezi, mwaka 1993. Pengo hilo si la jinsia pekee. Ni la aina ya uhalifu unaochunguzwa. Mkoani Shinyanga na Geita vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, "ushahidi" ukiwa macho mekundu, ambayo aghalabu husababishwa na moshi wa kuni na samadi jikoni. Nyuma ya tuhuma, mara nyingine, huwapo mgogoro wa shamba au urithi. Fumbo basi si nani aliyeshika panga tu, bali nani aliyenufaika na kwa nini kijiji kimenyamaza. Majibu yako jikoni na kisimani, ambako mpelelezi mwanamume hapenyi kwa urahisi. Jeshi la Polisi tayari lina Dawati la Jinsia na Watoto. Riwaya ndiyo iliyochelewa. Hata hivyo, kumkabidhi mwanamke bastola ya Gamba hakutoshi. Akabidhiwe jalada la kikongwe.