Manjano ya Mtoto Mchanga ni Jambo la Chama



Wako wenzetu wanaosema kwamba kazi ya chama ni mishahara, masaa ya kazi na nyumba, na kwamba habari za watoto wachanga tuwaachie akina mama na wakunga. Sisi hatukubali. Mfanya kazi anadai nyongeza ya mshahara kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake?

Tazameni hesabu. Uchunguzi wa serikali juu ya afya ya watu wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 41 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika hao 41, watoto 21 hufa katika mwezi wa kwanza. Yaani mwezi mmoja wachukua wengi kama ile miaka yote mingine ikiwekwa pamoja. Wanakufa kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa pumzi, na kwa vijidudu vinavyoingia katika damu, pengine kwa njia ya kitovu. Leo twataka kusema juu ya ugonjwa mmoja unaoonekana kwa macho, na ambao watu wengi huudharau: manjano.

Katika kila watoto 10 waliotimiza miezi yao tumboni, kama 6 hugeuka rangi kidogo katika juma la kwanza. Sababu yake ni hii. Mtoto huzaliwa na damu nyingi, na chembe zake zinapovunjika hutoa taka ya rangi ya manjano. Ini ndilo lenye kazi ya kuiondoa taka hiyo, lakini ini la mtoto bado ni changa. Basi taka hubaki mwilini kwa muda. Kwa kawaida manjano huonekana siku ya 2 au ya 3, na kwa mtoto anyonyaye vizuri huisha katika majuma mawili hivi. Si kosa la mama, wala si jicho la jirani.

Lakini yakizidi, taka hiyo huingia katika ubongo. Mtoto aweza kufa. Na akipona aweza kuwa kiziwi, au mwenye viungo vilivyokakamaa maisha yake yote. Kwa hiyo kila baba na kila mama ajue dalili hizi. Mpelekeni mtoto hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ikiwa:

1. Manjano yameonekana kabla hajatimiza siku moja tangu kuzaliwa.
2. Viganja na nyayo zimekuwa za manjano.
3. Hanyonyi vizuri, analala kupita kiasi, au kilio chake kimekuwa chembamba na kikali.
4. Mwili una joto jingi, au ni baridi, au anajikunja nyuma kama upinde.

Mtoto mwenye ngozi nyeusi asitazamwe ngozi peke yake. Mtazameni katika mwangaza wa mchana: weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo.

Tena, msihifadhi nguo za mtoto pamoja na zile tembe nyeupe za naftalini za kufukuza nondo. Wako watoto, hasa katika sehemu zenye malaria nyingi kama Pwani na Nyanza, ambao damu yao ina upungufu wa kurithi. Harufu ya naftalini huivunja damu hiyo, na manjano huwazidi ghafula.

Wengi wameambiwa, "Mweke juani, yatakwisha." Neno hili lina asili yake. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mmoja, Sista Ward, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wapate jua. Akaona kwamba ngozi iliyopigwa na mwanga ilipoteza umanjano, na ile iliyofunikwa ilibaki vile vile. Daktari Cremer na wenzake wakafanya majaribio, wakatangaza matokeo mwaka 1958. Hivyo ndivyo zilivyopatikana taa za buluu zinazotumika hospitalini hata leo. Angalieni: jicho la mfanya kazi aliyekuwa kazini kwake ndilo lililoanza. Lakini jua la uani si dawa ya manjano makali. Halipimiki, laweza kumchoma mtoto, na mtoto aliye uchi hupata baridi. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba siku zapita huku watu wakingoja.

Sasa tufike kwenye jambo letu. Mama wengi hutolewa hospitali siku moja tu baada ya kuzaa, na manjano huja siku ya pili au ya tatu. Basi ni nani atakayeyaona? Ni watu wa nyumbani. Na mtu wa kibarua akiyaona, hupiga hesabu: nikienda hospitali leo, nitakosa posho ya leo, na labda kesho nyapara atakuwa amempa mwingine kazi yangu. Hesabu hiyo ndiyo inayoua watoto wetu.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili kwa mshahara kamili. Wanaume wengi hawaombi majuma hayo. Wengine huona haya. Ombeni! Ni haki, si hisani ya tajiri. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja asihesabiwe tena kuwa wa kutwa. Wawakilishi wetu kazini wawatafute watu hao, wawadai haki yao.

Matajiri watasema kazi itasimama. Sisi twajibu: mtu anayemwuguza mtoto aliyeharibika ubongo atakosa kazi siku nyingi zaidi kuliko hiyo moja.

Kwa hiyo twataka kila tawi, litakapokaa mezani na mwajiri, litie neno hili katika mapatano: mzazi mwenye mtoto mchanga mgonjwa apewe ruhusa siku hiyo hiyo, bila kukatwa mshahara. Na kwa kuwa kila mwezi twakatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima ya afya, tunayo haki ya kuuliza hospitali ya kaunti yetu: taa za buluu ziko ngapi, na zinazowaka ni ngapi?

Ndugu, someni karatasi hii pamoja na watu wa nyumbani, kisha mpeni jirani asiye mwanachama. Mtoto wake naye ni wetu.