Kangemi na Loresho tusitiwe kapu moja

Toka stejini Kangemi utembee kwa mguu. Muda si mrefu uko Loresho: mageti marefu, miti, kimya. Lakini kaunti ikipiga hesabu ya afya, mara nyingi sisi na wao tuko kapu moja, kaunti ndogo ya Westlands.

Sasa nikuulize, msomaji. Chukua mtoto wa Loresho anayefungua mfereji ndani ya nyumba. Chukua na mtoto wa ploti yetu, ambako wapangaji wote wanapigia foleni choo kimoja. Wajumlishe, ugawe kwa mbili. Utapata mtoto wa katikati ambaye haishi popote. Na huyo ndiye atakayepangiwa dawa!

Hizi si stori za kijiweni. Mwaka wa 2000, watafiti wa APHRC walihesabu mitaa ya mabanda ya Nairobi peke yake. Takwimu za jumla za jiji zilikuwa zikionyesha kwamba katika kila watoto 1,000, 62 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mashambani walikuwa 113. Kwenye mabanda je? 151! Wastani wa jiji ulikuwa umewafunika. Utafiti uliporudiwa 2012, idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban 80. Bado ni wengi, lakini angalau walihesabiwa.

Tangu 2013, zahanati na vituo vya afya viko mikononi mwa kaunti, na katiba inataka wananchi washirikishwe kwenye mipango. Kwa hivyo naitaka kaunti itoe takwimu za afya wadi kwa wadi. Kangemi isimame peke yake, tuone tunapoumia.

Ila na sisi vijana tujiangalie. Mhudumu wa afya ya jamii alipobisha keja yangu akiwa na mkoba wake wa kupima presha na sukari, nilijifanya nimelala. Niliona hayo ni mambo ya wazee. Siku chache baadaye tukakutana kwa mama mboga.

"Kijana wangu, kwako niliandika hakuna mtu," akaniambia.

"Pole, mama," nikajibu, nikiangalia nyanya.

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na aibu. Mwaka mzima nimelalamika mtandaoni kwamba serikali haituoni, kumbe mimi mwenyewe nimejificha. Mpango hauwezi kumhudumia mtu ambaye daftari linasema hayupo.

Kwa hivyo akija kwako, mwambie ukweli. Kama unanunua dawa kemisti bila kupimwa kwa sababu huna pesa za daktari, sema. Kama mawazo yanakunyima usingizi tangu ukose kazi, sema pia, hiyo nayo ni afya. Na mkiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, usiwaachie wazee peke yao. Nenda, uulize pesa za Kangemi ni ngapi.

Ukisikia hodi, fungua mlango. Mimi sasa nafungua.