Ngiri ya Kamenu si nguruwe mwitu

Wengi wanaamini kwamba maneno ya Sheng hayana asili. Kijana hutunga neno maskani, wenzake hulidaka, kesho kutwa limejaa mtaa mzima. Na kwa kuwa halina ukoo, eti halistahili kuchunguzwa. Imani hii ni ya uvivu. Chukua neno ngiri. Anayejua Kiswahili cha kamusi pekee, akisikia vijana wa mtaa wa Kamenu, Thika, wakikopeshana "ngiri mbili", atamwona nguruwe mwitu na meno yake yaliyochomoza, kisha aseme wahuni wamegeuza mnyama kuwa pesa. Lakini Thika iko Kiambu, na kwa Kikuyu ngiri ni elfu. Nyanya huhesabu ngiri igĩrĩ. Mjukuu husema ngiri mbili. Neno la nyumbani limebaki, hesabu imefuata Kiswahili, wala hakuna aliyeketi chini kuvumbua kitu. Finje nayo ni hamsini ya Kiingereza iliyochongwa ikakaa vizuri mdomoni. Odiero, yaani mzungu, imetoka kwa Wajaluo ilivyo. Ndiyo maana hata ule ufafanuzi tuliozoea, kwamba Sheng ni Kiswahili na Kiingereza tu, unawadhulumu waliochangia kimyakimya.

Nitaambiwa kwamba yapo maneno ya siri, yaliyofinyangwa makusudi ili wazazi wasielewe. Yapo, na hayo ndiyo yanayonipa nguvu zaidi. Rafiki akikuambia "leta risto", anataka stori: silabi ya mwisho imetangulizwa, ya kwanza ikafuata. Anayeficha huficha alichonacho, na hapa kilichofichwa ni neno ambalo kila mzazi analijua. Mengine chimbuko lake wataalamu bado wanabishania, nakubali. Hiyo ni sababu ya kuwauliza wazee wangali hai, badala ya kuyatupilia mbali. Na wanaoyadharau wanapanda matatu kila asubuhi kwenda Nairobi. Jina hilo nalo lilikuwa msemo wa barabarani, lililotokana na nauli ya senti 30, sarafu tatu za senti kumi kumi. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu, na leo neno lenyewe limo katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na fasili yake.