Mhunzi wa Mona Hakufundwa na Roma

Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na habari za utawala wa Roma katika Britania hujiwa upesi na neno lililo tayari ulimini: Warumi "waliwastaarabisha" wenyeji. Neno hilo lina utamu wake, na ndani ya utamu mna sumu. Linamfanya mkulima na mhunzi wa Britania kuwa mtu aliyekaa gizani, akingoja mgeni aje na taa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanachuoni wa Oxford, Francis Haverfield, aliitia nguvu dhana hii alipoueleza utawala ule kuwa ni kazi ya kuwafanya wenyeji Warumi. Mawe na mavi ya chuma yana ushahidi mwingine.

Na kitazamwe kisiwa cha Ynys Môn, kaskazini-magharibi ya Wales, ambacho Warumi walikiita Mona. Jeshi lao lilikishambulia mwaka 60 au 61 B.K., na hatimaye Agricola akakitiisha karibu na mwaka 78. Huko kipo kitongoji cha Din Lligwy, kilichochimbuliwa baina ya 1905 na 1907. Ni ua wenye kuta nene za mawe ya chokaa, na ndani yake nyumba za duara pamoja na za pembe nne. Zilipatikana humo sarafu na vyombo vya Kirumi vya karne ya 4. Yalipatikana pia mavi ya chuma na mabaki ya meko ya wahunzi. Yaani, baada ya kutawaliwa kwa takriban miaka 300, mwenyeji alikuwa angali akiishi katika nyumba ya duara kama wazee wake, na nyundo ingali ikilia uani mwake. Sarafu ya Kaisari ilimfikia, haikumfanya Mrumi.

Watetezi wa Roma watasema kwamba uhunzi huo wenyewe ni zawadi ya mgeni. Si kweli. Katika milima ya Wales, ng'ambo ya kisiwa hicho, huko Crawcwellt na Bryn y Castell, chuma kiliyeyushwa kabla Mrumi hajaikanyaga ardhi ile, kwa mtapo uliotolewa vinamasini. Peter Crew, aliyepachimbua mahali hapo, aliijaribu kazi hiyo kwa mikono: kilo 1 ya chuma kilichokwisha fuliwa ilihitaji kiasi cha kilo 100 za makaa na siku 25 za kazi ya mtu mmoja. Nani atathubutu kumwita mshenzi mtu aliyejua kulifanya tope litoe jembe?

Roma ilileta nini, basi? Ilileta muhuri. Mikate ya shaba iliyookotwa kisiwani Mona imepigwa chapa za Kilatini. Chapa hueleza mali ilikuwa ya nani. Haielezi ni mgongo wa nani uliopinda shimoni.

Wala haifai kumgeuza mwenyeji malaika. Mwaka 1942, kilipokuwa kikijengwa kiwanja cha ndege za kivita katika kisiwa hichohicho, vilifukuliwa kwenye ziwa dogo la Llyn Cerrig Bach vyombo vya chuma na shaba zaidi ya 150. Miongoni mwavyo umo mnyororo wa kufungia watu shingoni. Wafanyakazi, wasijue ni kitu gani, waliutumia kuvutia malori yaliyokwama matopeni, nao haukukatika. Aliyeufua alikuwa fundi hodari, wala hakufundwa na Mrumi. Mwenye ufundi wake ana na dhambi zake, na historia ya haki humwachia vyote viwili.

Tacitus, mkwewe Agricola, aliona mwenyewe kwamba yale ambayo wajinga waliyaita ustaarabu yalikuwa sehemu ya utumwa wao. Basi Mswahili asiwe nyuma ya Mrumi kwa kuona. Ustaarabu, kwa asili yake, ni kuwa kama Mwarabu. Ile dhana ya Haverfield ni kuwa kama Mrumi. Maneno yote mawili humpima mtu kwa kadiri anavyofanana na mgeni wake. Mfasiri na aandike yaliyotendeka: walishinda, walitawala, walitoza, walijenga barabara, walichukua shaba. Uhunzi waliukuta.