Tovuti Haifundishwi kwa Kalamu na Karatasi

Nimechoka kusikia watu wakilalamika kwamba vijana wetu wa kompyuta wanamaliza chuo bila kujua kazi. Eti ni wavivu, eti wanashinda TikTok. Waacheni vijana! Ukitaka kujua kwa nini wanatoka hivyo, fungua noti walizopewa.

Nasema haya kwa sababu nafundisha. Siku za wiki naandika programu ili nilipe kodi ya nyumba, na Jumamosi nafundisha utengenezaji wa tovuti katika chuo kimoja hapa Nairobi (sitakitaja, na tafadhali usiniulize, maana si hicho peke yake). Noti nilizokabidhiwa siku ya kwanza zilikuwa nakala ya nakala ya nakala, hata herufi zimeanza kufifia. Sura ya tatu inafundisha tagi ya FONT na tagi ya CENTER. Jamani! Tagi hizo zilitangazwa kuwa za kuachwa katika HTML 4.0, iliyotoka Desemba 1997. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Leo kuna mtoto aliyezaliwa 2006 analipa karo ili afundishwe kitu kilichostaafishwa pengine kabla mama yake hajamjua baba yake.

CSS imewekwa mwisho kabisa, kurasa mbili, chini ya "mada za ziada". Na CSS ya kwanza ilipitishwa Desemba 1996! Yaani si kwamba ni kitu kipya ambacho walimu hawajapata nafasi ya kukisoma. Ni umri wa mtu mzima mwenye watoto.

Halafu unakuja mtihani. Mwanafunzi anapewa karatasi na kalamu: andika msimbo wa ukurasa wenye jedwali la safu tatu. Akisahau kufunga tagi moja anakatwa alama. Kichekesho ni kwamba kivinjari chenyewe kikikuta tagi haijafungwa kinakisia ulichotaka na kuendelea na kazi. Mashine inasamehe, mwalimu hasamehi.

Lakini hayo ya rangi na jedwali ni madogo. Kinachoninyima usingizi ni sura ya PHP na MySQL, kwa sababu hapo hatumwonei mwanafunzi peke yake, tunawaweka hatarini watu wasiojua lolote.

Noti zinafundisha kuunganisha hifadhidata kwa mysql_connect na kuuliza kwa mysql_query. Familia hiyo yote ya amri iliondolewa katika PHP 7, Desemba 2015. Mwanafunzi akiiandika kwenye kompyuta ya leo anapata kosa: amri haipo. Unadhani anaambiwa nini? Anaambiwa atafute toleo la zamani la PHP aliweke! Toleo la 5.6 liliacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa 2018. Ni kama kumfundisha mtu udereva kwa gari lisilo na breki, na akilalamika unamwambia apunguze mwendo.

Sasa tazama fomu ya kuingilia iliyo kwenye noti hizo hizo. Jina na neno la siri alivyoandika mtumiaji vinachukuliwa vilivyo na kubandikwa ndani ya swali linalokwenda kwenye hifadhidata. Kwa hiyo mtu akiandika alama ya nukuu moja, kisha OR '1'='1, swali linageuka kuwa na sharti ambalo ni kweli daima, na mlango unafunguka. Hana neno la siri, hana chochote. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu jambo hili kwa mradi wao wenyewe, darasa lilinyamaza kimya. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na ile ya chama ya mamangu niliyotengeneza likizo?"

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wanafunzi hawa hawasubiri shahada. Mwaka wa pili tu wameshatengenezea kanisa, zahanati, chama cha akina mama, shule ya mjomba. Majina, nambari za simu, nambari za vitambulisho vya watu, vyote viko humo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na tiba ya tatizo hili (kutenganisha swali na data ya mtumiaji) imo ndani ya PHP yenyewe tangu PHP 5 ya 2004. Inafundishika kwa dakika arobaini. Nimejaribu, inatosha.

Kuna na suala la simu. Wakenya wengi wanafungua mtandao kwa simu, wala hilo halihitaji utafiti, panda matatu yoyote. Ila mradi wa mwanafunzi unasahihishwa kwenye kompyuta ya maabara. Hakuna aliyemwambia kwamba asipoweka mstari mmoja wa viewport, simu itachora ukurasa kwa upana wa takriban pikseli 980 kisha iubane hadi maandishi yawe kama sisimizi. Anaweka picha tano za MB 4 kila moja moja kwa moja kutoka kamera. Hiyo ni MB 20. Mwenye bando la MB 100 akifungua tovuti tano za namna hiyo, kwaheri.

Najua majibu. La kwanza ni vifaa: kompyuta ni chache, stima zinapotea. Kweli, mimi nina wanafunzi arobaini na mashine kumi na mbili. Lakini ukurasa wa tovuti ni faili la maandishi tu. Unaandikwa kwa Notepad, unaandikwa hata kwenye simu, na kivinjari kinaufungua bila bando. Kuuweka hewani ni bure, GitHub Pages ipo tangu 2008. Hakuna fani nyingine ya uhandisi ambayo vifaa vyake ni rahisi hivi.

Jibu la pili nililipata kutoka kwa mkuu wa idara, mtu mzuri kabisa: "Tukibadilisha noti watafeli mtihani." Hili nalipa heshima, maana cheti kina uzito na wazazi wameuza ng'ombe. Basi nafanya hivi: nusu saa ya mwisho ni ya mtihani, na nawaambia wazi kwamba ni ya mtihani. Lakini mtihani haukushuka kutoka mbinguni. Umeandikwa na watu wenye ofisi na barua pepe.

Na msidhani nawapigia debe wale wa kozi za wiki kumi na mbili. Wao wamekosea upande wa pili. Wanaanza na React siku ya kwanza, na mtu anamaliza akiwa hajui fomu ya kawaida inafanyaje kazi. Kitufe anakitengeneza kwa DIV, hakibonyezeki kwa kibodi, na asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini hajui hata kama kipo. Tagi ya BUTTON ingemaliza yote.

Mtihani wangu ungekuwa hivi. Chagua kinyozi, duka la dawa au kanisa la karibu na kwenu. Tengeneza kurasa tatu ukizungumza na mwenyewe, uziweke hewani, uniletee anwani. Mimi nitazifungua kwa simu ya bei ya chini kabisa nikiwa na mtandao wa kusuasua. Nitajaribu kuvunja fomu yako. Kisha nitakuambia ubadilishe kitu kimoja hapo hapo mbele yangu, na unieleze kwa nini umegusa mstari huo.

Pendekezo hilo nimeliandika, kurasa mbili, na nimemkabidhi mkuu wa idara. Amesema atalipeleka kwenye kikao. Noti za muhula ujao, nimeambiwa, tayari ziko kwa fotokopi.