KILA ANAYESINZIA "KALA UNGA", HALAFU MNACHEKA! HIVI MNAJUA MNACHOKICHEKA?

Leo sina udaku, nina hasira.

Kuna klipu imezunguka wiki nzima kwenye magrupu, na msijifanye hamjaiona. Dada mmoja mwenye jina lake hapa mjini yuko kwenye sofa, shingo inadondoka taratibu, anashtuka, anajikuna, anazama tena. Anayerekodi anacheka mpaka simu inatikisika. Ukishuka kwenye komenti sasa: "Kokeini hiyo!", "Bangi imemzidi," "Anatafuta kiki tu huyo." Emoji za kucheka kama mvua.

Jina lake silitaji, na sisemi ametumia nini maana sikuwepo. Ninachosema ni kwamba tumekuwa mabingwa wa kucheka kitu tusichokijua, na kutokujua huko kunaua watu.

Tuanze na huyo wa "kokeini hiyo". Ndugu yangu, kokeini haimsinzishi mtu, inamkimbiza! Ubongo una kemikali inaitwa dopamini, ndiyo inayokupa ile raha ukishinda mechi au ukila ukiwa na njaa. Kawaida ikishafanya kazi yake inarudishwa stoo. Kokeini inafunga mlango wa stoo, dopamini inajaa nje. Mtu anaongea kama redio, mboni za macho zinatanuka, moyo unadunda, anajiona yeye ndiye mfalme wa jiji. Akiivuta puani, nusu saa haiishi raha imeshakata, anataka nyingine. Baadaye anaanza kuhisi kila mtu anamfuatilia. Mirungi nayo iko ukoo huohuo wa kuchangamsha, ila nguvu yake ni ndogo zaidi. Kenya inauzwa kihalali, huku kwetu ukikamatwa nayo ni kesi.

Ngada, yaani heroini, ni kinyume kabisa. Ikifika kwenye ubongo inakaa kwenye sehemu zilezile zinazosimamia maumivu, raha na KUPUMUA. Hilo la kupumua ndilo mnaloliruka. Mtu anasinzia, anajikuna, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, na pumzi inapungua. Ikizidi, ubongo unasahau kuvuta hewa. Kwa hiyo mtu unayemrekodi "akila stimu" anaweza kuwa yuko njiani kufa, na wewe unatafuta engo nzuri ya kamera.

Bangi ni habari nyingine. Inachezea kumbukumbu na hesabu ya muda, dakika tano unaona nusu saa. Masela mtaniambia haijawahi kuua mtu. Sawa, haizimi pumzi kama ngada, lakini ubongo unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na wapo vijana ambao bangi kali imewafungulia mlango wa kusikia sauti ambazo hazipo. Huyo mnamwita "kalogwa" na kumpeleka kwa mganga wakati anahitaji daktari.

Sasa nyinyi watakatifu wa pombe, msikae pembeni. Pombe inakuchangamsha mwanzoni kwa sababu breki zimelegea tu, lakini kazi yake ni kupooza ubongo, sawa na valiamu. Na kuna kitu wengi hamkijui: mlevi wa miaka mingi akikata pombe ghafla bila daktari anaweza kupata degedege na kufa. Arosto ya ngada ni mateso makubwa, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, lakini yenyewe kwa kawaida haiui kirahisi hivyo. Sasa changanya pombe, valiamu na ngada usiku mmoja. Vyote vitatu vinapunguza pumzi, vinasaidiana kumzima mtu.

Najua wa kwanza kukoment atasema, "Si alijitakia?" Kete ya kwanza, sawa, mara nyingi mtu aliitaka. Lakini ubongo uliozoea ngada unajipanga upya kuitegemea. Akiikosa, mwili unaidai kama unavyodai maji. Anayekula asubuhi hatafuti raha tena, anakimbia arosto. Akiiba simu yako mpeleke polisi, hiyo ni haki yako. Ila kumwambia "acha tu" halafu ukajiona umemaliza kazi, hapo hujasaidia kitu.

Na sasa nyinyi mameneja na mapromota, leo nawafikia. Msanii amepelekwa soba, amekaa miezi miwili, afya imerudi, shavu limejaa. Mnamtoa haraka kwa sababu kuna shoo. Mnamrudisha kwa masela walewale, kwenye pati ileile, mnaposti "AMERUDI!" Mwili wake umeshapoteza uzoefu. Dozi aliyokuwa anaimudu zamani, leo inaweza kumzima moja kwa moja. Kipindi cha hatari kubwa ni hicho cha kutoka, na nyinyi ndicho mnachokifanyia sherehe! Mkimzika mtavaa tisheti zenye picha yake.

Dawa ipo. Kliniki ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, inashika palepale ngada ilipokuwa inashika, lakini polepole, arosto inatulia, anaweza kwenda kazini. Wapo wanaowacheka hata hao, eti "wamebadilisha unga tu". Mtu analala kwake, haibi, hajidungi sindano ya kuazima, na wewe unanuna! Unataka nini sasa?

Kwa hiyo siku nyingine ukimkuta mtu amezima, awe staa au teja wa kituoni, weka simu sikioni, sio usoni kwake. Mwite kwa nguvu, mtikise. Haamki, anakoroma kwa kukwama, midomo imebadilika rangi? Mlaze ubavu, tafuta usafiri, mpeleke hospitali, waambie madaktari ukweli alichotumia. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni huku mkiomba msaada. Na msimmiminie maziwa, mtu asiye na fahamu mtampalia.

Yule dada sijui yuko wapi leo. Klipu yake bado inatembea, na aliyeirekodi anahesabu "views". Kama unayo kwenye simu yako, ifute sasa hivi, kisha ndiyo uje kubishana na mimi hapo chini.

Haya tiririkeni, ila matusi nafuta.