Silaha Iliyomo Ndani ya Mbegu

Mkulima wa Visiwa hivi anamjua vyema adui aitwaye kuvu. Hukausha majani ya tungule na kuozesha matunda karibu na mavuno. Mikarafuu nayo haikusalimika: uchunguzi wa miaka ya 1950 ulionyesha kuwa maradhi yaliyokuwa yakiiua ghafla yaliletwa na kuvu.

Silaha tuliyoizoea ni dawa za kemikali. Hatuzibezi, zina kazi yake. Lakini kuvu likipuliziwa dawa ile ile msimu baada ya msimu huzaa kizazi sugu. Mkulima naye huzidisha kipimo, na pamoja nacho gharama na sumu. Unguja, ambako maji ya kunywa hutoka chini ya ardhi ya mawe ya matumbawe, jambo hili si dogo hata kidogo.

Wataalamu wa kilimo wa Lisbon, nchini Ureno, wameonyesha njia nyingine. Waligundua kwamba mbegu ya lupini, mmea wa jamii ya kunde, inapochipua hujiwekea protini waliyoiita Blad. Protini hiyo hushika kitini, kitu kinachojenga kuta za chembe za kuvu, na kuzibomoa. Mimea haina kitini, wala mwanadamu hana. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa mazao kama zabibu na tungule, bila kuweka kikomo cha mabaki yake katika chakula.

Hatusemi iletwe kesho na kugawiwa kwa mbwembwe. Kinachofaa katika kiangazi cha Ureno huenda kikaoshwa na masika yetu. Basi na ijaribiwe kwanza Kizimbani, kisha katika mashamba ya wakulima wa Unguja na Pemba, na matokeo yatangazwe hadharani, mazuri na mabaya.

Aidha, tusibaki wanunuzi tu. Kunde na choroko, tunazozila kila siku, nazo zimekutwa maabarani na protini zinazozuia kuvu. Kutoka maabara hadi shambani ni safari ndefu, lakini haitaanza bila fedha na wataalamu.

Mwenyezi Mungu ameipa mbegu ulinzi wake. Wajibu wa viongozi wanaohusika ni kutenga fungu la utafiti. Wajibu wa mabwana shamba ni kuwafikia wakulima. Kujitegemea hakuji kwa hotuba.